Mohamed Yupi? Jina, Nasaba na Mwandishi katika Riwaya ya Zanzibar

Msomaji wa tasnifu na makala zinazohusu riwaya ya Kiswahili hukutana mara kwa mara na rejeo fupi la jina na mwaka: Mohamed 1976, Mohamed 1977, Mohamed 1978. La kwanza ni la Nyota ya Rehema, la pili ni la Asali Chungu, na la tatu ni la mkusanyiko wa hadithi fupi uitwao Kicheko cha Ushindi. Kitabu cha kwanza na cha tatu viliandikwa na Mohamed Suleiman Mohamed. Cha pili kiliandikwa na Said Ahmed Mohamed. Mtu asiyevijua vitabu vyenyewe atadhani kwamba mwandishi mmoja alitoa kazi tatu kwa miaka mitatu mfululizo. Akiwa mtafiti chipukizi mwenye haraka ya kuonyesha maendeleo ya mwandishi, atayaona maendeleo hayo na kuyaeleza kwa ushahidi: namna dhiki ya Rehema inavyokolea na kuwa uchungu wa Dude, na namna mtindo wa utulivu unavyopisha mtindo wa hasira. Hoja yake itapangika vizuri sana, ila mwandishi anayemzungumzia hakupata kuwapo.

Makala haya yanalitazama kosa hilo kwa uzito kuliko kawaida. Majina Mohamed na Said yamewakusanya, kwenye rafu na kwenye faharasa, watu ambao kazi zao, elimu yao na nyakati zao zilitofautiana sana, na uhakiki, kwa kuzoea rafu, umeelekea kuuchukua ujirani wa majina kuwa ujirani wa fikra. Watakaoshughulikiwa hasa ni watatu: Muhammed Said Abdulla, Mohamed Suleiman Mohamed na Said Ahmed Mohamed. Wote ni Wazanzibari, wote ni watunzi wa nathari, na wote hutajwa kwa herufi M, S na A zinazochanganywa kama karata.

Chanzo cha mkanganyiko huu kimo katika muundo wa jina lenyewe. Katika pwani ya Afrika Mashariki, jina la Mwislamu ni mnyororo wa nasaba: jina lake mwenyewe, la baba, kisha la babu, na kwa wenye kumbukumbu ndefu huendelea hadi kwenye ukoo. Zamani pete za mnyororo huo ziliunganishwa kwa 'bin' au 'binti', na aliyesoma Muyaka bin Haji au Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hakuweza kukosea ni lipi jina la mwenyewe na ni lipi la mzazi. Shaaban Robert naye aliitwa pia Shaaban bin Robert. 'Bin' ilipopungua katika fomu za serikali na majalada ya vitabu, jina la mwisho likaanza kuonekana kuwa la ukoo machoni pa mkutubi aliyefunzwa kumpanga Shakespeare chini ya S na Dickens chini ya D. Robert, ambaye ni baba tu, akafanywa kuwa ndiye mshairi. Said wa Ahmed wa Mohamed akapangwa chini ya Mohamed, yaani aliyewekwa kwenye rafu ni babu yake.

Mohamed Suleiman Mohamed alipangwa papo hapo, naye kwa jina la babu. Kwake kuna utata wa ziada, kwa kuwa jina lake na la babu ni moja, kama ilivyo desturi ya pwani ya kumpa mjukuu jina la babu ili lisipotee. Kwa hiyo wajukuu wa akina Mohamed wawili tofauti wamefanywa ndugu na kabati la kadi. Tahajia haisaidii kitu. Mohamed, Mohammed, Muhammed na Muhammad ni jina lile lile, nalo ni jina la Mtume. Hakuna jina jingine katika ulimwengu wa Waswahili linalotuambia machache zaidi kuhusu aliyepewa.

Mkubwa wao kwa umri ni Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akasoma katika shule ya misheni, na mwaka 1938 akaanza kazi katika idara ya afya kama mkaguzi, yaani yule ambaye watu wa mitaani humwita bwana afya. Aliifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka kumi. Mwaka 1948 alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika miaka iliyofuata akawa mhariri msaidizi wa Al-Falaq, wa Al-Mahda na wa Afrika Kwetu. Mwenye kuijua historia ya Zanzibar atasimama kidogo hapo, kwa sababu Al-Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, ilhali Afrika Kwetu lilisemea upande wa Waafrika, na hiyo ilikuwa miaka ambayo siasa za visiwa hivyo zilikuwa zikiwagawa watu hata misikitini na madukani. Tangu mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, na kwa hiyo Mapinduzi ya 1964 yalimkuta akihariri habari za mashamba. Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957/58 na ikachapishwa mwaka 1960. Kisima cha Giningi ilitoka mwaka 1968, na zilizofuata zikaendelea hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Alifariki mwaka 1991.

Imezoeleka kusema kwamba Bwana Msa, pamoja na kiko chake na sahibu yake Najum, ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Ni kweli kwa kiasi fulani, na Abdulla hakujitahidi kuificha asili hiyo. Lakini kauli hiyo haielezi kwa nini mpelelezi huyu huanza kazi yake pale watu wanapoanza kuogopa visivyoonekana. Katika riwaya ya kwanza, maiti ya Ali Bomani inapatikana kwenye mzimu. Katika ya pili, jina la Giningi linaamsha mara moja habari za mji wa wachawi ambazo kila mtoto wa Unguja alizisikia. Kila mara, kilichodhaniwa kuwa ni cha mashetani hubainika kuwa ni cha binadamu mwenye tamaa, na kubainika huko hutokana na kuingia majumbani, kuuliza nani analala wapi, nani alitoka saa ngapi. Huo ni mwendo wa mtu aliyekagua visima na nyumba za watu kwa miaka kumi, kisha akakaa katika chumba cha gazeti akichuja uvumi. Mhakiki hana haja ya kulisisitiza jambo hili kupita kiasi, maana mabwana afya walikuwa wengi na Bwana Msa ni mmoja. Hata hivyo, linafafanua pia jambo lisilokuwamo katika riwaya hizi. Aliyezihudumia kalamu za pande zinazopingana aliiacha siasa ya vyama nje ya hadithi zake, kiasi kwamba kumwita mtangulizi wa riwaya ya kitabaka ya Zanzibar, kwa kuwa tu ametoka kisiwa kimoja na waliofuata na anashirikiana nao majina, ni kumvika joho lisilokuwa lake.

Mohamed Suleiman Mohamed ndiye anayeumizwa zaidi na ushirika huu wa majina, na kwa sababu hiyo anastahili kutazamwa kwa makini. Kazi zake zinazojulikana sana ni chache: Kiu ya mwaka 1972, Nyota ya Rehema na Kicheko cha Ushindi. Kabati dogo likiwekwa ubavuni mwa kabati kubwa lenye jina lile lile, dogo humezwa. Mwanafunzi akiulizwa nani aliandika Kiu huweza kumtaja Said Ahmed Mohamed bila kusita. Ni nadra akiulizwa nani aliandika Utengano amtaje Mohamed Suleiman. Kosa huenda upande mmoja, na mwenye vichache ndiye anayenyang'anywa.

Kinachopotea ni namna ya pekee ya kuandika. Kiu inajengwa kwa watu watatu, Idi, Bahati na Mwinyi, na takriban kila kitu kinachotokea kinatokea ndani ya pembetatu hiyo. Idi ana kiu ya fedha, Mwinyi mzee ana kiu ya msichana, Bahati ana kiu ya mapenzi anayodhani ameyapata. Msimulizi hana haraka ya kuhukumu. Anamwacha kila mmoja ajidanganye kwa lugha yake mwenyewe, na msomaji anaifahamu hila ya Idi mapema kuliko Bahati, hata kusoma kunakuwa sawa na kumtazama mtu akitembea kuelekea shimoni. Ni riwaya ya nafsi kabla ya kuwa riwaya ya jamii. Nyota ya Rehema ina uwanja mpana zaidi, wa mashamba na urithi na tofauti za rangi na asili katika Zanzibar ya wamiliki ardhi, lakini hata humo mwandishi anashika mwendo wa polepole. Kurasa ambazo Rehema na Sulubu wanalima, wanapanda na kusubiri mvua zimebeba uzito mkubwa kuliko hotuba yoyote juu ya unyonyaji, kwa sababu kazi ya mikono imeandikwa kwa undani, jembe kwa jembe. Kuzisoma kurasa hizo kama hatua ya kuelekea Dunia Mti Mkavu ya Said Ahmed Mohamed, ambamo wafanyakazi wanajitambua kama tabaka, ni kuzifanya rasimu ya kitabu cha mtu mwingine.

Said Ahmed Mohamed alizaliwa mwaka 1947, akawa mwalimu, kisha mwanaisimu, akapata shahada ya uzamivu huko Leipzig katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, baadaye Osaka nchini Japani, na hatimaye Bayreuth nchini Ujerumani. Huyu ni mtu wa chuo aliyezijua nadharia za fasihi kwa jina na kwa namba za kurasa. Katika mwaka mmoja wa 1980 zilitoka riwaya zake mbili, Utengano na Dunia Mti Mkavu, pamoja na diwani ya Sikate Tamaa. Yakafuata mashairi, tamthilia za Kivuli Kinaishi na Amezidi, hadithi fupi, na riwaya za Kiza Katika Nuru, Babu Alipofufuka ya 2001 na Dunia Yao ya 2006. Utengano, iliyosomwa katika shule za sekondari za Kenya, ilimfanya Maksuudi, mwanasiasa anayewafungia ndani mke na binti huku akitafuta kura nje, kuwa mfano unaotajwa hadi leo ubabe wa kiume unapojadiliwa. Katika vitabu hivi muundo huonekana: wahusika hupangwa wakabiliane, na fumbo la mwandishi humtaka msomaji alifumbue.

Juu ya hayo, yeye peke yake ni watu wawili katika faharasa. Riwaya, tamthilia na mashairi yake ni ya Said Ahmed Mohamed. Makala zake nyingi za kitaaluma, ikiwamo ile ya mwaka 2005 kuhusu dalili za sura mpya katika riwaya ya Kiswahili, zimetiwa sahihi ya Said A. M. Khamis. Mnyororo ni ule ule, ila umeongezwa pete moja. Kwa nasaba hakuna ajabu yoyote, lakini kwa uhakiki kuna tatizo. Mtafiti humnukuu Khamis, mtaalamu, ili kuthibitisha jambo kuhusu mkondo wa riwaya mpya, kisha anamtaja Mohamed, mtunzi wa Babu Alipofufuka, kama mfano wa mkondo huo huo. Anadhani ameleta shahidi na ushahidi, kumbe amemwita mtu mmoja mara mbili. Hapana shaka mtunzi ana haki ya kuwa mhakiki wa zama zake, na Khamis aliitumia haki hiyo vizuri, lakini msomaji naye ana haki ya kuambiwa.

Nje ya riwaya za Zanzibar orodha huweza kurefushwa, japo si kwa faida kubwa. Mohamed Said wa Dar es Salaam ni mwanahistoria. Kitabu chake juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1998 na kwa Kiswahili mwaka 2002, kinadai nafasi kwa watu ambao anaona majina yao yaliachwa nje ya historia ya TANU. Muhammed Seif Khatib, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa waziri katika serikali ya Muungano na papo hapo mshairi wa Fungate ya Uhuru na Wasakatonge. Mohamed Hassan Abdulaziz alikuwa mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na ndiye aliyemrejesha Muyaka kwa wasomaji kwa kitabu chake cha 1979. Mohammed Khelef Ghassani ni mwanahabari wa Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, na diwani yake ya N'na Kwetu ilishinda Tuzo ya Mabati-Cornell ya mwaka 2015. Huyu wa mwisho kapata bahati ya jina la ukoo linaloonekana, ingawa nalo lina mtego wake, kwa kuwa Muyaka naye ni al-Ghassaniy, na haitachukua muda kabla ya mtu kuandika kwamba ushairi umo katika damu.

Haisemwi kwamba jina la pamoja halina maana popote. Mombasa inatoa mfano wa kinyume. Ahmad Nassir Juma Bhalo, mtunzi wa Malenga wa Mvita, na Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 2014, walikuwa jamaa kwa damu, na zaidi ya damu walishirikiana kazi: nyimbo kadhaa alizoimba mwimbaji zilitungwa na mshairi. Mmoja alisomwa madarasani, mwingine alisikizwa harusini na kwenye kaseti za madukani, na mara nyingi maneno yalikuwa ya kalamu moja. Uhakiki wetu umewatenganisha hawa kwa kuwa mmoja ni wa fasihi andishi na mwingine ni wa muziki. Kwa hiyo pale jina lilipokuwa na habari ya kweli halikusikizwa, na pale lisipokuwa na habari yoyote limejengewa nadharia.

Inabaki swali la iwapo waandishi wa Zanzibar waliotajwa wana lolote linalowaunganisha baada ya majina yao kutenganishwa. Lipo moja, nalo linatokana na mnyororo wenyewe. Katika jamii ambamo jina la mtu haliwezi kutamkwa kwa ukamilifu bila kumtaja baba na babu, kutilia shaka uzazi ni kulikata jina. Mohamed Suleiman na Said Ahmed wote wawili walikiweka kitisho hicho katikati ya riwaya, kila mmoja kwa namna yake. Rehema ana baba anayejulikana, Fuad, mwenye mali. Lakini ngozi yake nyeusi inamtia baba shaka, na mtoto anakua akiwa na jina ambalo mwenyewe aliyempa hataki kulitambua. Mwandishi anampa ardhi mahali pa nasaba. Rehema anajijenga upya kwa jembe, kwa mume aliyemchagua, na mgogoro unapozuka unazuka juu ya shamba, yaani juu ya kitu alichokichuma kinyume na kile alichorithi.

Katika Asali Chungu, Said Ahmed Mohamed alikwenda mbali zaidi. Mtoto wa nje wa Zuberi anaitwa Dude. Neno hilo si jina la mtu. Ni kitu kisichojulikana ni nini, kikubwa na cha kutia karaha, na halifuatwi na jina la baba. Kuingia kwake katika nyumba ya Zuberi kunaleta maangamizi kwa sababu hakuna anayeweza kumwita kwa ukamilifu, na asiyeitwa kwa ukamilifu hawezi kujulikana ni haramu kwa nani na halali kwa nani. Pale ambapo Mohamed Suleiman anamwachia mhusika njia ya kuishi bila idhini ya baba, Said Ahmed anaifunga njia hiyo na kuligeuza kosa la mzazi kuwa ugonjwa wa tabaka zima. Msomaji aliyedhani kwamba huyu na yule ni mtu mmoja hataiona tofauti hiyo. Ataona mwandishi aliyebadili rai katika muda wa mwaka mmoja.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye, katika Babu Alipofufuka, mkasa umepinduliwa. Mhusika mkuu ni mtu mkubwa serikalini, mwenye gari na mlinzi, na anaitwa K tu. Herufi moja, bila baba wala babu. Anayemjia ni marehemu babu yake, aliyetoka kaburini kumwuliza amefanya nini na nchi. Wengi wameifasiri herufi hiyo kwa kumrejelea Kafka, na mwandishi wa aina ya Said Ahmed hakosi kumjua Kafka. Lakini katika Kiswahili cha pwani tafsiri iliyo karibu zaidi ni kwamba K amelikata jina lake mwenyewe mpaka ikabaki herufi ya mbele, kama zinavyokatwa katika rejeo la kitaaluma, na pete iliyokatwa imerudi kwa miguu yake kudai nafasi yake katika mnyororo.